Matairi ya Mkamwana

Mtu aliyeziba pancha kwa miaka thelathini na nane usimwambie kwamba tyubu si lazima. Utamkosea adabu. Mzee Kiraka aliambiwa hivyo Jumatatu asubuhi, tena na mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, na alichofanya ni kuinama chini ya benchi akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Jina la Kiraka alipewa na wateja, na yeye akalipenda. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, benchi, beseni la maji la kutafutia matundu, na magurudumu yaliyoning'inia darini. Tyubu ikimfikia aliizamisha majini akaona mapovu yanakotokea, akaikausha, akaikwangua, akaitia gundi, akabandika kiraka, kisha akainyunyizia poda ili isigandane na tairi. Poda haikumwacha. Ilikuwa kwenye suruali, kwenye nyusi, hata kwenye redio. Mkewe alikuwa akisema ameolewa na mtoto mchanga ambaye hakui.

Mkamwana naye hakuwa wa mchezo. Siku za kazi alikuwa mpima ardhi, mwisho wa wiki alishindana mbio za baiskeli za milimani. Mwaka uliopita, kwenye mbio kubwa kuliko zote, alikuwa anaongoza, zimebaki kilomita nne tu, tairi la nyuma likaisha upepo. Alimaliza kwa miguu, baiskeli begani, wa mwisho kabisa. Baadaye Mzee Kiraka aliifungua ile tyubu peke yake, na hakukuta mwiba wala msumari. Alikuta kiraka chake mwenyewe kimebanduka ukingoni. Aliitupa tyubu, na hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo mkamwana akija kumsalimu, mzee aliitikia macho yakiwa kwenye gurudumu fulani, hata kama gurudumu lenyewe halina tatizo. Aliona haya, na haya ya mbele ya mkwe, jamani, ni nzito.

Sasa Jumamosi mbio zilezile zilikuwa zinarudi.

"Baba," mkamwana alisema, "safari hii nataka matairi yasiyo na tyubu, yale yanayotiwa maji ya gundi ndani, yakitoboka yanajiziba. Duka la mjini wanayafunga, lakini nimeona nikuletee wewe."

Mzee Kiraka aliyasikia tu kwa watu. Hakuwahi kufunga hata moja. Mtu mwingine angesema, "Hii siijui, mwanangu," na mambo yakaisha. Yeye akasema, "Hilo nalo ni jambo?" Wanaume wa namna hii ndio wanaonitia wazimu.

Mkamwana alikuwa ameazima matairi manne kutoka kwa timu yake, achague mawili. La mbele hakuwa na shaka nalo: pana, lenye meno marefu yaliyoachana, lipate kushika udongo kwenye kona. La nyuma ndilo lililomsumbua. Alilishika moja jepesi, akalipima mkononi. "Hili litanipandisha mlima haraka," akasema.

Mzee akalichukua, akalibinya ubavuni kwa dole gumba, akalikunja, akalinusa kabisa.

"Mnakoshukia kuna mawe?"

"Mengi, Baba. Tena yana ncha."

"Basi hili liache. Mwiba unaingia juu, kwenye meno, na hayo maji yako ya gundi yatauziba. Jiwe linachana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna maji ya kukuokoa. Chukua hili zito. Mapaja unayo."

Yote hayo aliliambia tairi. Lakini kwa mambo ya yapi yanachanika na wapi, mzee huyu ungeweza kumwamini ukiwa umefumba macho, na mkamwana alilirudisha lile jepesi bila ubishi.

Kazi yenyewe waliifanya Alhamisi jioni. Mkamwana alisoma maelekezo, mzee akatenda. Rimu isafishwe kwa spiriti mpaka ing'ae. Matundu ya spoki yafunikwe kwa utepe mpana uliovutwa sawasawa, usikunjamane hata kidogo. Valvu ipenyezwe, tairi livishwe, maji ya gundi yamiminwe, kisha upepo uingie kwa mkupuo ili kingo za tairi zikamate rimu. Upepo wa namna hiyo pampu ya mkono haiutoi, kwa hiyo waliazima kompresa kwa jirani, mpaka rangi wa magari. Mke wa mzee alileta povu la sabuni la kulainishia kingo. Alikuja, alisema mwenyewe, kumwona mumewe akifundishwa.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lingeweza kumtokea mzibaji pancha peke yake. Mkamwana alikuwa amegeuka kutikisa chupa ya maji ya gundi. Mzee akabaki na rimu safi ya gurudumu la nyuma mbele yake, na mkono, kwa mazoea ya miaka thelathini na nane, ukaenda wenyewe kwenye kopo. Ukanyunyiza poda mzunguko mzima, kwa ustadi mkubwa, kisha ukabandika utepe juu yake. Mwenye mkono hakujua kama amefanya lolote.

Kompresa ikanguruma. Ukingo wa kwanza ukalia pa, wa pili ukalia pa, na mke wa mzee akapiga makofi. Halafu ikaanza fyuuu. Upepo ulitoka kwenye matundu ya spoki, yote thelathini na mawili, na ile gundi nyeupe ikachuruzika mpaka viatuni. Wakakaza valvu, wakajaza tena, ikawa yaleyale. Mara ya tatu yule jirani mpaka rangi alichungulia mlangoni akauliza kama wanakamua ng'ombe.

Mzee akahesabu kwa vidole. Zimebaki siku mbili, na mkono wake unamwangusha mtoto wa watu kwa mara ya pili.

Mkamwana akavua tairi, akaushika utepe. Ulibanduka wote bila kuvutwa. Akaona kilichokuwa chini yake. Wewe ungemwambiaje baba mkwe wako? Akakohoa. Akasema labda utepe ni wa zamani. Akasema labda ni unyevu. Mama mkwe hakuwa na muda wa heshima hizo. Alipitisha kidole kwenye rimu, akakitazama, akampaka nacho mumewe puani.

"Mtoto kapakwa poda," akasema.

Mkamwana alijikaza kisabuni, akashindwa, akaketi sakafuni na kucheka mpaka akashika mbavu. Mzee akatazama kopo, akautazama mkono wake, akaanza kucheka yeye pia, kicheko kilichomtoa machozi. Na katikati ya kicheko hicho akayasema yale maneno: "Mwanangu, hii kazi siijui."

Wakaosha rimu, wakaikausha, wakaifuta tena kwa spiriti. Kopo la poda lilikuwa limekaliwa na mke wa mzee, na aligoma kuinuka. Pa. Pa. Wakatega masikio, hakuna kitu. Ijumaa asubuhi matairi yote mawili yalikuwa magumu vilevile.

Jumamosi Mzee Kiraka alisimama na mkewe kwenye kamba ya mwisho wa mbio, moyo ukimwenda mbio kuliko washindani. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu naye. Mzee akaanza kutazama miguu tu, akitafuta mtu anayetembea.

"Tazama juu, wewe mwanamume," mkewe akamwambia.

Mkamwana alitokea kwenye kona akiwa juu ya tandiko, anakanyaga kwa nguvu zote. Wa nne. Na asije mtu akaniambia wa nne si kitu.

Mzee alipiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma. Alikuta miiba mitano, kila mmoja na tone jeupe lililokauka. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo wa jiwe, mrefu kama kiganja, na mpira mnene haukupasuka. Furaha ilimjaa, na pamoja nayo kile alichokificha mwaka mzima.

"Mwaka jana haukuwa mwiba," akaliambia tairi. "Kilikuwa kiraka changu. Nilikiona nikakitupa."

"Najua, Baba. Nilikiona palepale mlimani, kabla yako."

"Ukajua, na bado ukaniletea haya?"

"Kombe lilikwenda, sawa. Lakini na wewe ukaenda. Mwaka mzima nakusalimu, unaitikia magurudumu. Nikasema nikuletee kitu usichokijua, ukosee mbele yangu tucheke yaishe."

Alivua kofia yake ya mbio. Mzee Kiraka akainua uso, akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Matope yalikuwa mpaka kwenye meno.

"Umekata nywele," akasema.

"Tangu mwezi wa tatu, Baba."