Matundu ya Chini ya Mlango

Naikumbuka vizuri siku ile baba yako alipokuja kwetu Zombe na mbuzi wa ntheo, wale wa kuniposa, mwanangu Mwende, akiwa amewafungia wazee wake ndani ya gari. Hakukusudia. Ni mbao za milango zilizowafungia. Na kwa kuwa sasa gari hilohilo ni lako, na kila jioni unanipigia simu kuuliza utumie ubao gani kuvalisha milango yake kwa ndani, acha nikueleze yalivyokuwa kisha uchague mwenyewe.

Gari lilikuwa kuukuu hata wakati ule. Baba yako alilipata kwao Makueni, injini nzima, lakini milango kwa ndani ilikuwa chuma kitupu. Akaamua kujitengenezea mbao mwenyewe. Alichagua hadibodi, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kwa sababu ni nyepesi na haisumbui kuikata. Juu yake akabandika sponji nene, maana alitaka milango inayobonyea kama kochi, halafu akaivika ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee. Alikuwa kijana maridadi, hilo simsingizii.

Hadibodi peke yake ingesameheka. Lakini chini ya kila mlango wa gari kuna matundu madogo, na baba yako alipoyaona alidhani ni njia ya vumbi. Mtu aliyekulia huku kwetu akiona tundu kwenye gari huwaza vumbi kwanza. Mvua tunaipata kwa kubahatisha. Basi akayaziba yote kwa matambara na gundi, ili wazee wafike na suti safi.

Walipopita Kwa Vonza mvua ikawakuta. Maji huteremka kwenye kioo yakaingia ndani ya mlango, hata gari liwe jipya namna gani, kisha hutokea chini. Yale hayakuwa na pa kutokea. Hadibodi ikayanywa, ikavimba, ikabana vishikio, na walipoingia uani kwetu milango ya nyuma ikakataa kufunguka. Sisi tumesimama tukingoja wageni watoke, wageni nao wametukodolea macho kupitia vioo. Mwishowe mjomba wa baba yako, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, akausukuma mlango kwa bega. Ubao ukapasuka, maji ya tope yakammwagikia mapajani, na mzee wa watu akaingia kwa wakwe na suruali iliyolowa pale pabaya. Dada zangu walikimbilia jikoni kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nampenda yule kijana, na nilimjua baba yangu.

Babu yako hakuwa amempenda tangu mwanzo. Alikuwa akisema ni mtu wa kupenda kung'ara. Siku hiyo alilizunguka gari lile. Alitafuta msumari, akainama, akachokoa tambara moja chini ya mlango, na maji yakatiririka mbele ya watu wote.

"Wewe kijana," akasema, "hii mashimo ulifikiri ni ya nini?"

"Nilifikiri ni ya vumbi, mzee."

"Sasa siku utakasirikia huyu msichana wangu, hiyo hasira itatokea wapi?"

Baba yako aliinama kuyatazama yale matundu. Nadhani angejibu upesi, lolote lile, babu yako angemrudisha kwao na mbuzi wake palepale. Badala yake akasema hajui.

Unajua desturi yetu: ntheo isipopokelewa, msichana bado ni wa kwao, hata aishi kwako miaka yote. Babu akaamuru mbuzi wafungwe zizini, lakini akasema hajawapokea. Kijana aende, atengeneze milango upya, arudi. Milango ikimshinda, aje achukue mbuzi wake. Nililia waziwazi, na hakuna aliyenibembeleza, kwa sababu mama yangu naye alikuwa upande wa babu yako.

Kabla hajatengeneza milango ya pili nilisuka mikanda ya mkonge, kama ile ya kapu la kiondo, ya kuvutia mlango ukiwa umeketi ndani. Nikampelekea kwa mkono wa mtu aliyekuwa akienda Makueni. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia kwamba bado namngoja.

Alirudi wakati wa kiangazi. Safari hii ilikuwa plaiwudi nyembamba, imepakwa vanishi mbele, nyuma na hasa kwenye kingo, ambako maji huanzia. Nyuma ya ubao alikuwa amegundisha karatasi nzima ya nailoni ili maji yateremke bila kuugusa. Sponji ilikuwa nyembamba. Ngozi bandia ilibaki rangi ileile, hapo hakushindwa na mtu. Mikanda yangu ilikuwa mahali pake, na matundu yalikuwa wazi.

Babu yako akaenda kuchukua jerikeni ya maji. Tulikuwa kiangazi, Zombe, na maji hayo yalikuwa yamechimbuliwa kwenye mchanga wa mto yakaletwa na punda. Akayamimina taratibu juu ya kioo cha mlango. Mama alichungulia, akaguna, akaleta karai na kulitega chini. Maji yakaanza kudondoka, yakajaa karai, na mama akayapeleka kwa ndama. Babu akapapasa ubao kwa ndani. Ulikuwa mkavu. Akasema mbuzi wafunguliwe, wachanganywe na wa kwake: ntheo ameipokea.

Tangu hapo, baba yako akininunia nilikuwa namuuliza neno moja tu: "Umeziba?" Wakati mwingine alichelewa kujibu, lakini mwishowe alisema kinachomsumbua. Wewe umelisikia neno hilo nyumbani tangu utoto, ukadhani ni utani wetu wa kizee.

Basi chukua plaiwudi, mwanangu. Usiipende hadibodi kwa sababu ni rahisi kuikata. Paka vanishi hata pale pasipoonekana na mtu, weka nailoni, na ngozi bandia hufutika vumbi kwa urahisi kuliko kitambaa. Mikanda ikiwa imechakaa nitasuka mingine. Matundu uyaache.

Lakini kuna jambo jingine. Tangu tumzike baba yako hujanitajia jina lake hata mara moja. Tunazungumza gundi, tunazungumza misumari, tunakata simu. Mimi pia ninamkumbuka, na inaniuma kumkumbuka peke yangu. Umeziba, mwanangu.

Leo ukipiga, habari za gari zingoje. Niambie unachokosa kwake, ulie ukitaka, mimi nipo. Mungu akutunze barabarani na nyumbani, akupe mvua ya kukutosha, na asikunyime mtu wa kukuuliza neno lile siku mimi nitakapokuwa sipo.