Picha Niliyoamuru Ifutwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa ndani ya gari langu mbele ya maegesho ya zahanati moja hapa Doha, nikingoja kile chuma cha mlangoni kiinuke tupite. Hakikuinuka. Magari nyuma yangu yalianza kupiga honi. Kando yangu alikuwa ameketi Mama Akello, mguu wake wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo, na joto lilikuwa limeshatanda nje ya kioo ingawa saa tatu haijafika.

"Nekesa," akaniuliza, "mbona hawa hawatufungulii leo?"

Nilijua sababu, lakini nikamwambia mashine imeharibika.

Nilikuwa bado sijamaliza mwaka wa pili katika mji huu. Kwa umri sikuwa msichana, nilikuwa muuguzi mwenye cheti na uzoefu, lakini ugeni humrudisha mtu utotoni. Mama Akello alikuwa mpishi katika nyumba moja kule Al Wakrah, na hapa alikuwa ameishi miaka mingi kuliko vidole vya mikono yangu. Kwao ni Tororo, kwetu ni Bungoma. Mpaka unatutenganisha, lakini sote tumekua tukiutazama mlima ule ule wa Elgon, kila mtu kwa upande wake. Tulijuana kanisani, na tangu siku hiyo nilikuwa na mama huku ugenini. Sukari ilipomletea kidonda cha mguu, nikawa namchukua mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa na kufungwa upya.

Sasa sikiliza kosa langu. Wiki chache kabla ya asubuhi hiyo, kampuni inayosimamia maegesho yale ilinitumia ujumbe kwamba gari langu lilishinda pale tangu asubuhi hadi alasiri, kupita muda unaoruhusiwa. Haikuwa kweli. Nilimshusha Mama Akello, nikarudi kwangu Al Thumama kulala maana nilitoka zamu, kisha nikaenda tena kumchukua. Safari mbili fupi, wao wakaziunganisha kuwa moja ndefu. Lakini mgeni ni kuku mweupe. Niliwaza wataniandikia kwa mwajiri, nitaitwa, nitaulizwa, nitaonekana mtu wa shida. Basi nikaona njia rahisi ni kuomba radhi. Nikawaandikia: nimekosa, nisameheni, sitarudia. Faini nikalipa.

Mashine yao ikakosea tena vile vile. Safari hii hawakuniuliza kitu. Waliandika kwamba kwa kuwa kosa la kwanza nililikiri mwenyewe, basi mimi ni mtu wa kurudia, na nambari ya gari langu haitaruhusiwa kuingia tena. Ndiyo maana kile chuma hakikuinuka, ingawa nilikuja nikitumaini ni vitisho tu.

Tuliegesha mbali, kwenye uwanja wa changarawe, tukatembea. Mama Akello aliniegemea begani, akipiga hatua tatu na kupumzika, hatua tatu na kupumzika. Nilimsikia akihesabu pumzi. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta akaketi juu ya kifuko chake, na mimi machozi yakanitoka. Nikamwambia ukweli wote.

Hakunionea huruma. Alinitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua.

"Wewe uliomba radhi kwa kosa ambalo hukufanya?"

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa, ukawapa kamba wakufunge. Na hao walijuaje saa ulizoingia?"

"Wana kamera mlangoni."

"Basi wana picha zako. Huko hospitali kwenu, mgonjwa akitaka kuona faili lake, mnamnyima?"

"Hatuwezi kumnyima. Ni haki yake."

"Na wewe una faili kwa hao watu. Nenda ukalione."

Mwanangu, nilisoma miaka mitatu kuwa muuguzi, na jambo hilo nilifundishwa na mpishi. Kazini tulishaketishwa mara nyingi kuelezwa sheria ya nchi hii ya kulinda taarifa za mtu: usimwage siri za mgonjwa, na akiuliza umeandika nini juu yake, mwonyeshe. Sikuwahi kufikiri kwamba sheria hiyo inanihusu na mimi nikiwa nje ya wodi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Usiku ule ule niliandika barua fupi. Sikulia wala sikutukana. Niliomba kuonyeshwa kila picha na kila saa waliyohifadhi kuhusu gari langu kwa siku zile mbili, nikataja sheria, nikasema ombi la radhi la kwanza nililiandika kwa hofu na ninalifuta. Walikaa kimya. Nikaandika tena. Siku zilipita, na kila safari ya zahanati tulitembea kutoka kule kwenye changarawe. Hatimaye wakaniita ofisini.

Nilipokelewa na karani mmoja Msudani, Bwana Idris, mtu mpole mwenye miwani. Alinigeuzia kompyuta yake tukatazama pamoja. Gari langu likiingia asubuhi. Kisha, dakika chache baadaye, gari langu likitoka. Picha ilikuwapo siku zote. Vumbi lilikuwa limeziba tarakimu ya mwisho, mashine ikasoma nambari nyingine gari lilipotoka, na hakuna mtu aliyejisumbua kuangalia kwa macho. Siku ya pili, hadithi ni ile ile.

Bwana Idris akavua miwani. "Samahani, dada. Kosa ni letu. Tutakufungulia na pesa zako zitarudi."

Alikuwa bado ananionyesha picha ya mwisho, ile ya kutoka alasiri. Mama Akello yuko kiti cha mbele, kitambaa cha kichwa kimelegea, anacheka hadi macho yamefumba. Mimi nimemgeukia, mdomo wazi, namweleza jambo. Mpaka leo sikumbuki nilikuwa nasema nini.

"Unataka nakala ya zote?" akaniuliza. "Na ukitaka tuzifute kwetu, omba, tutafuta."

Nilikuwa nimejaa hasira ya mtu aliyeonewa halafu akashinda. Nikasema, "Nipe hizi za asubuhi tu, zinanitosha. Nyingine zote futeni. Sitaki sura yangu ibaki hapa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akasema, "Khalas," yaani basi imekwisha, akaandika.

Mwezi uliofuata tulikuwa tunaingia hadi mlangoni pa zahanati. Kidonda kikafunga. Mama Akello akamaliza mkataba wake, akarudi Tororo kwa wajukuu, na kila Ijumaa alinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Alikuwa nyumbani hata miaka miwili hajatimiza alipofariki.

Binti yake alinipigia. Alilia kwanza, kisha akasema, "Dada Nekesa, tunatafuta picha ya mama ya huko Doha. Tuna za zamani tu. Miaka hiyo yote hatujui alikuwa anaonekanaje."

Nilipekua simu yangu yote. Hakuna. Mama Akello hakukubali kupigwa picha huku. Alikuwa akisema picha za Doha zinawadanganya watu wa nyumbani kwamba tumeshiba.

Ndipo nilipowaandikia tena wale wa maegesho. Mara hii nilibembeleza. Nikaeleza ni siku gani, saa gani, nani amekaa kiti cha mbele. Bwana Idris alinijibu mwenyewe. Alisema ananipa pole kwa moyo wote, ametafuta kila mahali, lakini walitekeleza ombi langu kama lilivyoandikwa, na hakuna kilichobaki.

Siwezi kuwalaumu. Walinitii.

Bado napita barabara ile nikielekea kazini. Nikisimama kwenye taa, najaribu kuona kile kicheko. Kitambaa nakiona. Macho yaliyofumba nayaona. Sauti inanikimbia, na kila mwaka inakwenda mbali zaidi. Ningetoa siku nyingi za likizo yangu kuisikia ikinikaripia mara moja tu.

Kwa hiyo wewe uliyeshuka Doha juzi, usikubali kosa lisilo lako ili tu watu wakuache. Hofu ikikupa kalamu, iweke chini, lala, kisha uulize: mmeandika nini juu yangu, nionyesheni. Uliza kwa adabu, uliza kwa maandishi, na wakinyamaza uliza tena. Kuuliza si ujinga, na sheria haimtafuti mtu nyumbani kwake, mtu ndiye huiendea. Lakini ukishinda, hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi, kwa maana hasira ya mshindi nayo ni hasara. Kabla hujasema futa, tazama vizuri nani yumo ndani. Na wazee wanaokushika mkono huku ugenini, wapige picha hata wakikataa. Wabembeleze.

Mungu akulinde kazini na barabarani, mwanangu. Akupe sauti mbele ya wakubwa na upole mbele ya wadogo. Na siku utakapofunga sanduku lako kurudi, uliowaacha nyumbani uwakute wakiwa hai.