Kichupa cha Wageni

Mama yangu, kule Ganako, alikuwa na vikombe sita vya kauri kwenye kabati la vioo. Havikuguswa mpaka aje mgeni. Sisi chai yetu tuliinywea kwenye plastiki. Nilidhani ubahili huo nimeuacha nyumbani, kumbe nilihama nao hadi maabara ya Karatu.

Tulikuwa tunajaribu chanjo ya ugonjwa wa nyumbu, ule unaoua ng'ombe msimu ambao nyumbu wanazaa uwandani. Msimu huo wafugaji hupandisha mifugo milimani, nyasi ziwepo zisiwepo. Sisi tuliichanganya damu ya ng'ombe na kingamwili zilizotiwa rangi, tukaipitisha kwenye mashine ya leza. Chembe zikimeremeta, chanjo imeshika. Lakini rangi ina tabia ya kunata hata pasipostahili. Kwa hiyo kila damu hupimwa pia kwa kingamwili ya kulinganishia, yenye rangi ileile ila haiwindi chochote. Hiyo nayo ikimeremeta vilevile, basi hujaona kitu.

Ya kulinganishia ilibaki kichupa kimoja, tena nusu, na wakubwa wa mradi walikuwa waje kutoka ng'ambo mwezi uliofuata. Nikakitunza kwa ajili yao. Naona aibu hata kuandika. Nikachukua majibu ya kulinganishia ya ng'ombe wengine wa wiki iliyopita, nikajiambia ng'ombe ni ng'ombe.

Mwenye ng'ombe niliokuwa nawapima wiki hiyo alikuwa mfugaji wa Olbalbal, mtu wa umri wa baba yangu. Akanipigia simu. "Binti yangu, huku juu nyasi zimekwisha. Nishuke nao uwandani au nisubiri?"

Ningeweza kumwambia asubiri. Nilitaka kuonekana mjuzi.

"Shuka tu, baba. Wako salama."

Wageni walipofika nilikitoa kichupa changu kwa mbwembwe, nikapima upya damu ya ng'ombe wa yule baba tuliyokuwa tumeigandisha. Ile ya kulinganishia ikameremeta sawasawa na nyenzake.  Nikatoka nje kumpigia simu yule baba, haikupatikana, nikapiga tena na tena mpaka kesho yake nilipopata gari la kunishusha Olbalbal.

Nilipofika bomani kwake mitamba watatu walikuwa wameshakufa, na wa nne alikuwa amelala, macho yamefunga ukungu. Maneno ya kuungama nilikuwa nimeyapanga njiani, tangu tulipopita geti la hifadhi.

"Takwenya," yule baba akanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

Mkewe akaniletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha kauri chenye maua. Kilikuwa kimoja tu. Wao walinywea vya bati.

"Usijilaumu, binti yangu," akasema yule baba. "Mashine nayo hukosea."

Nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Hukosea."