Soksi ya Upepo Niliyoifua

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Kibondo, msimamizi alinikabidhi fyekeo na filimbi. "Ng'ombe akionekana kwenye changarawe," akasema, "sitamuuliza mchungaji. Nitakuuliza wewe." Kila asubuhi nilitembea njia ya kurukia, iliyokuwa ya changarawe, mwanzo hadi mwisho nikiokota mawe na kuwaomba akina mama waondoe mihogo waliyoianika humo. Walinisema kwa Kiha, kisha wakaondoa.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu. Huko nilitunza pia soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaofungwa juu ya mlingoti. Ukinyooka, upepo ni mkali, ukilala, umetulia. Rubani huruka akiukabili upepo ili mabawa yabebe upesi. Kwenye maegesho yetu mikaratusi ilikinga upepo wote, kwa hiyo soksi ndiyo iliyoaminiwa.

Siku moja tukaambiwa meneja wa kanda anakuja kesho yake. Soksi ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Mimi ni mtu wa usafi, na sifa nilizipenda. Nikaishusha, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaipandisha ikakaukie huko huko juu.

Haikupita nusu saa ikatua ndege ya viti viwili ya chuo cha urubani. Mkufunzi alishuka, akamwacha mwanafunzi wake aruke peke yake. Alikuwa binti wa kijiji cha Nyakitonto, na hilo ndilo jaribio lililobaki ili aendelee na masomo.

"Shikamoo baba. Upepo vipi?"

"Marahaba. Umetulia, mwanangu. Si unaona soksi?"

Mkufunzi naye akaitazama, akaridhika.

Ndege ilikimbia sana bila kubebwa. Ikainuka kidogo, ikaanguka, ikapita mwisho wa changarawe na kuchomeka pua kwenye shamba la maharage. Binti alitoka mwenyewe, damu ikimtiririka usoni.

"Umeinua pua mapema!" mkufunzi alifoka.

"Sikuinua mapema, mwalimu."

Huko shambani, mbali na mikaratusi, upepo ulinipiga kifuani. Ndege ilikuwa imerukishwa upepo ukiwa nyuma yake. Nikageuka kutazama mlingoti. Soksi ilikuwa bado inadondosha maji, imelala kwa uzito wake. Nikanyamaza.

Kesho yake meneja alifika, akakagua, akaitazama soksi iliyokwisha kukauka. "Hii inang'aa. Umejitahidi, mzee."

"Asante, mkuu," nikajibu.

Siku ya tatu ndipo nilipomfuata mkaguzi wa ajali, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuandika. "Na juzi ulikuwa wapi?" akauliza. Binti alikuwa ameshasaini kwamba kosa ni lake.

Ripoti ilirekebishwa. Mimi nilipewa onyo na kurudishwa Kibondo, na sikulalamika. Chuo kilimwita binti arudi. Kabla hajaondoka nilikwenda kwao kumwomba radhi.

"Baba, nilijua sikuinua mapema," aliniambia. "Ila kwa siku mbili kila mtu aliniambia niliinua. Sasa hata mwenyewe sina uhakika."

Alirudi chuoni wiki chache. Nasikia kila ndege ilipofika kasi ya kuinuka, mkono wake ulisita. Akaacha.

Nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi huniuliza soksi hufuliwa lini. Nawaambia ishusheni, ikauke chini, na rubani aambiwe haipo. Hilo ni rahisi kulifundisha. Binti yule sasa anafundisha hisabati Buhigwe. Tukikutana sokoni huniamkia kwa heshima zote, nami humwitikia nikitazama viatu vyake.