Mtungi Ulioshikwa na Jiwe

Mwezi uliopita nilishuka kwenye treni Kilosa, nikapanda bodaboda hadi kilimani kwetu, upande wa Chanzuru. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yetu wa zamani. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu nililelewa hivyo. Akaitika marahaba, akanifuata bila kualikwa hadi kwenye pango tulimokuwa tukichota maji.

Wewe hukulijua pango lile lilipokuwa hai. Ungeingia ukapokewa na harufu ya udongo mbichi, kisha ungesikia tone likidondoka: to, kimya kirefu, to. Bibi alikuwa mkali kama pilipili, ole wako uguse mawe meupe yanayoning'inia darini! Alikinga matone kwa mtungi, na kila Ijumaa tuliusogeza kidogo, maana usiposogezwa hushikwa na jiwe. Maharage yaliyopikwa kwa maji yale yalichelewa kuiva, na sufuria ilibaki na ukoko mweupe. Lakini kiangazi chote hatukukosa maji.

Mwalimu alitueleza kwamba mvua ikipenya kwenye majani yaliyooza juu ya kilima hupata ukali kidogo kama wa limau, kisha hushuka ikiyeyusha mawe ya chokaa. Ndivyo pango lilivyochimbika. Kisha kila tone likidondoka huacha chembe ya jiwe. Bibi yeye alisema tu, "Msitu ndio unaolinywesha pango."

Jirani yuleyule alimsikia Bibi kama sisi. Akaufyeka msitu, akachoma mkaa, akapanda mahindi. Bibi alipomsihi, akacheka. "Maji haya yanatoka kwenye jiwe, mama, siyo kwenye miti." Kicheko kile sijakisamehe mpaka leo. Mvua zikawa zinaporomoka na udongo hadi bondeni, matone yakapungua mwaka hadi mwaka. Bibi alipougua hakuna aliyeukumbuka mtungi, na matone ya mwisho yakaugandisha sakafuni.

Bado uko pale, una vumbi ndani. Tulipoufikia, jirani akausukuma kwa mguu, haukutikisika. Akaitazama chupa yangu ya maji.

"Mwanangu, nigawie maji kidogo. Siku hizi tunayafuata mbali mno."

Nikaifungua, nikamimina yote mtungini, juu ya vumbi.

"Chota humo, mzee."

Akapiga magoti polepole, akachota kwa kiganja. Sikumwonea huruma. Nilisimama nimeinua uso darini kama tulivyofanya utotoni, nikingoja ile to. Nilichosikia ni midomo ya jirani tu, ikifyonza maji ya dukani.