Msichana Aliyeandika Kichwa Chini

Nilipangiwa kufundisha darasa la kwanza pale Ngulyati, Usukumani, mwaka mmoja baada ya wanunuzi binafsi wa pamba kuanza kuja na malori yao. Madukani vilikuwa vimeanza kuonekana vitu tusivyovizoea: biskuti za pakiti, kalamu za rangi nne, madaftari yenye picha za wachezaji mpira kwenye jalada. Lakini gharama ya daftari ilikuwa imeshakuwa juu ya mzazi, na wengi walileta watoto shule mikono mitupu. Kwa hiyo muhula wa kwanza tuliandikia nje, kwenye mchanga nyuma ya darasa. Kila mtoto alisawazisha sehemu yake kwa kiganja, akachuchumaa, akaandika kwa kidole. Mimi nilipita nyuma yao, nikiinama, nikishika mkono wa huyu, nikimfutia yule.

Nilikuwa mwalimu mpya, na mwandiko wangu ulinipa kiburi. Chuoni matangazo yote niliandika mimi. Nilitaka darasa langu zima liandike hivyo.

Kulikuwa na msichana mmoja, binti wa wafugaji wa ng'ambo ya mto, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "shikamoo mwalimu". Nilipoandika "baba" kwenye ubao mdogo nilioegemeza ukutani, yeye alianzia kulia akaja kushoto, na kila herufi aliisimamisha kichwa chini. Nilifuta, nikamwonyesha. Akarudia vilevile, taratibu, kwa makini. Nilifuta tena. Siku ya tatu nikaona ananifanyia mzaha mbele ya wenzake, maana herufi zake, ingawa zilipinduka, zilikuwa nzuri mno kwa mtoto asiyejua. Nikamchapa rula kwenye vidole.

Hakulia. Alivitazama vidole vyake tu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Siku ya tatu, baada ya vipindi, nilivuka mto kwenda kwao.

Mama yake alikuwa amekaa uani akipukuchua mahindi.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mama huyo kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwadila, mwalimu." Akanisogezea kigoda. "Umemfuata mtoto? Anasema mkono wake haujui shule."

"Nimekuja kujua ana nini. Hataki kuandika sawasawa."

"Huyu? Huyu anaandika kila siku na dada yake. Nenda nyuma ya nyumba ukaone."

Nikaenda. Dada mtu, aliyekuwa darasa la nne, alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mbao akinakili masomo kwenye daftari. Mdogo wake alikuwa ng'ambo ya kiti, wanatazamana, ameinamia ardhini akiiga kwa kidole vumbini kila herufi iliyotoka kwenye penseli ya dada yake. Aliziona kutoka upande wake, zikiwa zimepinduka. Hivyo ndivyo alivyojua herufi zilivyo, tangu kabla hajaletwa shule.

"Kwa nini hakai upande wako?" nilimuuliza dada.

"Ana kamasi, mwalimu. Atanichafulia daftari."

Nilicheka, halafu aibu ikanishika palepale. Nilizunguka nikasimama mbele ya mtoto, nikatazama alichoandika. Kilisomeka vizuri kabisa. Mimi siku zote nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Nilichuchumaa nikamwambia anisamehe. Mama, aliyekuwa amenifuata, alinitazama kwa mshangao. Walimu wa siku zile hatukuwa na desturi hiyo. Kisha akamtafsiria binti yake, na mtoto akaficha uso kwenye khanga ya mama.

Aliporudi shule, niliandika "baba" kwenye mchanga, nikamwacha achuchumae upande aliouzoea. Kila siku nilimsogeza kidogo, akilizunguka neno lilelile. Kuna siku alichanganyikiwa, herufi nyingine zikasimama, nyingine zikalala, akalifuta lote kwa hasira. Niliacha apumzike. Wiki kadhaa baadaye alikuwa amechuchumaa kando yangu, bega kwa bega, anaandika kutoka kushoto. Kufikia mwisho wa mwaka, nikitaka kuwaonyesha wenzake "g" yenye mkia uliokaa vizuri, nilimwita yeye ubaoni.

Alipokuwa darasa la tatu, baba yao alihama nao wote na ng'ombe kuelekea Rukwa, kama familia nyingi za wafugaji zilivyofanya, kutafuta malisho. Sikumwona tena msichana yule. Ila mwaka uliofuata ilikuja barua yake shuleni, imeandikwa kwa penseli, mistari imenyooka. "Mama anakusalimu," iliandikwa. "Anasema ng'ombe wamefika wote isipokuwa wawili. Huku shule ni mbali lakini tunakwenda. Mimi ndiye ninayewaandikia majirani barua zao."

Niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi. Kisha nikawapitishia walimu wenzangu, nikawaambia watazame mwandiko kwanza.