Fundi Danieli na Lori Lililokunywa Maji ya Watu

Kama hukuwahi kumwona Fundi Danieli Namalowe akigombana na injini, basi ugomvi hujauona bado. Karakana yake ilikuwa Chikongola, mjini Mtwara, banda la mabati lenye shimo la kushukia chini ya magari, na humo alizitukana mashine kutwa kana kwamba zina masikio. "Mvivu wewe! Oili yote hiyo umekunywa, halafu wanikoholea?" Wapita njia walisimama wakacheka. Lakini gari likitoka mikononi mwake limetoka zima, na hao hao waliocheka ndio waliorudi na magari yao.

Alikuwa Mmakua wa Masasi, aliyekuja mjini kufanya kazi bandarini, akaoa Mmakonde. Mkewe, Modesta, alitoka Nang'oma, kijiji cha juu kabisa kwenye nyanda za Umakonde. Kule korosho hustawi, mihogo hustawi, watu hustawi. Maji sasa! Hakuna mto wala kisima. Wanawake walishuka bondeni na mitungi alfajiri, wakarudi jua la utosi, shingo zimeingia mabegani. Kwa hiyo mwaka wa 1973 kijiji kiliponunua lori la tangi la kuchota maji Mtwara, ngoma ilichezwa siku mbili.

Furaha haikumaliza mwezi. Lori lilikuwa na tabo, kile kikonokono cha chuma kinachoisukumia injini hewa ili ivute mzigo mzito. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Lakini mwinuko wa Nang'oma ni maili tatu za kupanda tu, na ukifika nusu, sindano ya joto iko kwenye nyekundu na moshi mweusi umefunika mikorosho. Dereva Stefano angefanyaje? Anafungua bomba la tangi, anachota ndoo, anaimwagia rejeta. Yanachemka, yanaruka, anachota tena. Likifika kijijini, tangi li nusu. Lori la maji linakunywa maji! Wewe umeyaona wapi hayo?

Mwenyekiti wa akina mama pale kijijini alikuwa Mama Sabina, mwanamke mfupi, ndonya, kile kipambo cha mti, kwenye mdomo wa juu, na sauti inayofika kijiji cha pili bila kupaazwa. Ndiye aliyemzaa Modesta, yaani ndiye mkwe wa fundi wetu. Akasimama mkutanoni akasema, "Safari moja tu tumebakiza. Likifika tena na nusu tangi, liuzwe. Tutarudi kwenye mitungi yetu. Mtungi hauninywei maji njiani." Wote wakakubali, na mnunuzi akaitwa.

Modesta alizipata habari hizo akalia. Mama yake alikuwa na magoti mabovu, na njia ya bondeni haina huruma na magoti. Danieli alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, chakula kikapoa mbele yake. Uchungu ulimwingia kama vile lori ni la kwake. Akasema, "Lete pampu ya baiskeli."

"Ya nini tena?"

"Pampu, halafu ushike huku chini. Unasikia moto? Hewa ukiibana inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Lori linashiba upepo tu, chakula hakuna! Stefano anakanyaga mafuta yaongezeke, hewa ya kuyaunguza haipo, ndiyo maana moshi, ndiyo maana joto."

Haya hakuyaota. Miaka mitatu bandarini alihudumia injini ya boti la kuvutia meli, nayo ilikuwa na tabo kubwa, na hewa ya tabo ilipitishwa kwanza kwenye sanduku lililopoozwa na maji ya bahari. Lori halina bahari. Lakini lina upepo wa mbele, bure, wa Mungu.

Stefano akalileta lori karakana kabla ya safari ile ya mwisho, na Danieli akachukua rejeta ya gari bovu lililokuwa likifuga kuku nyuma ya banda. Akaifunga puani mwa lori, mahali pa kupigwa na upepo, akavuta bomba kutoka kwenye tabo hadi pale, na jingine kutoka pale hadi kwenye injini. Akawasha, akakanyaga. Paa! Maungio ya risasi yakafumuka, kuku wakapaa juu ya banda. Stefano, ambaye ni Mmakonde na kwa hiyo ni mtani wake, alilala chini kwa kicheko. "Nyie Wamakua mkila panya sana mnapata akili za panya!"

"Na wewe uliyenywesha lori maji ya mama zako, una akili za nani?"

Akafumua yote, akachomea upya kwa shaba nyekundu. Modesta akaja na povu la sabuni ya mche, akalipaka kila ungio huku mumewe akipampu hewa ndani. Penye tundu, povu lilitoa jicho. Walikuta macho manne. Mara ya tano hawakukuta hata moja, na Modesta akacheza pale pale, mikono imejaa sabuni.

Siku moja kabla ya safari, Mama Sabina alishuka mwenyewe na akina mama sita, waje kushuhudia kwa macho yao. Walilala kwa ndugu zao Magomeni ya pale pale Mtwara, na asubuhi wakaja na vigelegele. Kwao, gari la shughuli halitoki uchi: huvalishwa kama linavyovalishwa likienda kuwachukua wali, vijana wanaotoka jando. Mama Sabina akaitoa kanga yake mpya, akaitandaza puani mwa lori, akaikaza fundo nne. Wenzake wakaongeza zao. Lori likapendeza kama bibi harusi.

Danieli akaganda. Puani pale ndipo upepo unapoingilia! Lakini amwambieje? Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamkatizi maneno, wala haligusi vazi lake. Sasa mwanamume mzima asimame mbele ya watu aseme, "Mama, vua kanga"? Afadhali afe. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mama." Akina mama wakapanda nyuma kando ya tangi, naye akapanda karibu na Stefano.

Kwenye tambarare sindano ilitulia, akajidanganya kwamba Mungu atasaidia. Walipoanza mwinuko, Mungu alimwachia fundi kazi yake. Sindano ikapanda. Nguvu ikaisha. Moshi ule ule mweusi! Nyuma vigelegele vikakatika kimoja kimoja, na Stefano akazuia lori kando, akashika ndoo.

"Mtani, nachota."

"Hata tone usiguse!"

"Basi nenda kamwambie. Mficha uchi hazai."

Danieli alishuka.  Akapiga magoti vumbini mbele ya Mama Sabina, macho chini, akasema haraka kama mtu anayemeza kwinini, "Mama, naomba radhi, kanga zinaziba upepo. Naomba... naomba zivuliwe."

 Kisha bibi mmoja akashindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko, na wote wakafuata, isipokuwa mmoja.

"Baba Veronika," akasema Mama Sabina, kwa jina la mjukuu wake. "Ulilijua hili tangu asubuhi?"

"Nililijua, Mama."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuonea haya, Mama."

"Haya! Haya zako zingeniuzia lori! Zingenirudisha bondeni na magoti haya!" Akakung'uta mkono, akaenda mwenyewe mbele, akafungua fundo moja moja, akajifunga kanga yake kiunoni. "Haya, wenzangu, vueni! Fundi kasema."

Wakasubiri injini ipoe. Stefano akawasha, na safari hii lori lilivuta pumzi nzito, likaupanda mlima kwa gia ile ile ambayo zamani lilikuwa likizimikia. Danieli, amening'inia nje ya mlango, alinyoosha kiganja hadi kwenye bomba la kutoka tabo: moto. Akafika la pili, linaloingia kwenye injini: vuguvugu. Alipiga ukelele peke yake kama mwehu. Sindano haikutikisika, na ndoo ilifika Nang'oma imekauka.

Kijiji kizima kilikuwa kinangoja, mnunuzi naye yupo, kofia mkononi. Fimbo ikatumbukizwa tangini, ikatoka imelowa hadi karibu na mdomo. Mnunuzi akavaa kofia yake. Vigelegele vilivyopigwa hapo havielezeki.

Mama Sabina akakinga ndoo ya kwanza. Ikajaa. Watu wakampisha, wakidhani anaipeleka mtungini, maana Nang'oma uso huoshwa kwa kikombe na maji yale yale hunyweshwa mbuzi. Akaja nayo hadi kwa Danieli, aliyekuwa mweusi kwa masizi toka utosi hadi kidole.

"Inama."

Akainama. Mama mkwe akammiminia ndoo nzima kichwani.

"Oga, mwanangu. Maji yapo."

Danieli alisimama pale akitiririka, analia na kucheka, na maji yakapotea mchangani, wala hakuna aliyeyasikitikia.